Kitongoji Chenu Hakina Maji ya Bomba? Namna ya Kuomba Mtandao Upanuliwe

Mwongozo huu ni wa vijiji vya Tanzania Bara ambako mradi wa maji upo, ila baadhi ya vitongoji vimeachwa nje. Tenki mnaliona, kituo cha kuchotea maji kipo kwa wenzenu, na kina mama wa kwenu bado wanaamka alfajiri kwenda kisimani. Si lazima mjuane na mkubwa yeyote ili hali hiyo ibadilike. Ombi lenu liandikwe, lipite kwenye vikao vyake, na lifike wilayani kabla bajeti haijafungwa.

Ombi linapelekwa kwa nani

Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioundwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Zamani mhandisi wa maji alikuwa mtumishi wa halmashauri, na wapo ambao hadi leo barua yao inaishia kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi apewe nakala, lakini mwenye kuombwa ni Meneja wa RUWASA wa wilaya.

Fedha za kupanua miradi hutoka bajeti ya serikali, wafadhili, na Mfuko wa Taifa wa Maji. Kijiji hakiandiki barua kwenda kwa Mfuko. RUWASA ndiyo inayoingiza mradi wenu kwenye mpango wake. Chanzo kikubwa cha Mfuko ni tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kila aliyepanda bodaboda au daladala ameshachangia, kwa hiyo nendeni wilayani mkijua kwamba hamuombi hisani.

Anzieni kwa chombo cha watumia maji

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, onaneni na viongozi wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (wengi wanakiita CBWSO) kinachoendesha mradi ulio jirani. Waulizeni chanzo kinatoa lita ngapi kwa saa, tenki lina ujazo gani, bomba lililo karibu nanyi ni la inchi ngapi, na kama maji yanafika mwisho wa bomba hilo wakati wa kiangazi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua aina ya ombi. Chanzo kikiwa kimezidiwa, kuongeza bomba ni kuwanyang'anya maji wenzenu, na mhandisi atakataa kwa haki. Hapo ombeni chanzo kipya, mkijua kwamba safari yake ni ndefu zaidi, maana kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, yaani chombo cha serikali kinachosimamia matumizi ya mito, visima na vyanzo vingine vya eneo lenu.

Ikiwa umbali ni mdogo, chombo chenyewe kinaweza kulaza bomba kwa mapato yake, mhandisi wa RUWASA akiridhia. Ulizeni hilo mapema, huenda safari ikaishia hapo.

Hesabu kwanza, malalamiko baadaye

Maombi mengi hudhoofika hapa. Kuandika kwamba wananchi wanateseka hakumsaidii mhandisi kupanga bomba. Chukueni daftari la wakazi kwa mwenyekiti wa kitongoji, mhesabu kaya na watu, kisha muongeze shule na zahanati kama zipo. Pimeni umbali kutoka bomba la mwisho hadi katikati ya makazi.

Halafu tumieni vigezo vilivyowekwa na Sera ya Maji ya mwaka 2002: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo ndani ya mita 400, na bomba moja la kuchotea kwa watu 250. Tuseme mna kaya 60 zenye watu 300. Mahitaji yenu ni lita 7,500 kwa siku, na bomba moja la kuchotea haliwatoshi. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa tatu za huzuni, ingawa huzuni yenyewe ni ya kweli.

Eneo la kituo na njia ya bomba lazima vipate ridhaa ya maandishi ya wenye mashamba. Msiiache kwa mdomo. Mzee akifariki, warithi wanaweza kukana.

Mkutano na muhtasari

Peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kina mama wapewe nafasi ya kuzungumza, kwani wao ndio wanaojua foleni ya kisimani inaanza saa ngapi. Muhtasari utaje hesabu zenu, nguvukazi mtakayotoa (kuchimba mtaro, kusomba mawe na mchanga), na ahadi ya kulipia maji. Uambatanishwe na mahudhurio yenye sahihi, kisha upitie Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani.

Barua iwe fupi:

"Meneja wa RUWASA wa Wilaya. Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kata.
YAH: OMBI LA KUPANULIWA MTANDAO WA MAJI KITONGOJI CHA ______
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kitongoji chetu kina kaya ___ zenye watu ___, umbali wa mita ___ kutoka bomba la karibu. Mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe ___ uliazimia kuomba upanuzi huu. Tunaambatanisha muhtasari, orodha ya kaya, na ridhaa za wenye ardhi."

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa irudi nanyi.

Tarehe

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti hujadiliwa bungeni kuanzia Aprili, lakini mipango ya wilaya huwa imeshakusanywa miezi kadhaa kabla ya hapo. Fanyeni mkutano kufikia Septemba, barua ifike kabla Novemba haijaisha. Barua ya Machi, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi inasubiri mwaka unaofuata.

Baada ya hapo ombeni tarehe ya mhandisi kuja kupima, na mumpe mtu wa kumtembeza. Ombeni pia kuona makadirio ya gharama. Yakiwa madogo, diwani ayapeleke kwenye Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge na hupokea miradi iliyoibuliwa na wananchi.

Bomba likishafika, atakayetaka maji nyumbani kwake ataomba kwa chombo na kugharimia maunganisho yake. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Akija mtu kutaka taslimu ili "aharakishe", msimpe, na mumjulishe Meneja siku hiyo hiyo.