Kukata arei slesi slesi na kurudisha jedwali moja

Kila kundi ninalolifundisha R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, hukwama palepale: namba ya katikati ndani ya apply, amri inayokata arei (jedwali lenye pande kadhaa) na kuipa fanksheni yako, yaani kipande cha hesabu ulichokiandika, slesi moja moja. Wengi hudhani inataja upande utakaojumlishwa. Sivyo. Inataja upande unaobaki. Fikiria boflo: ukisema 3, kisu kinafuata upande wa tatu, na kila slesi inaingia nzima kwenye fanksheni yako.

Tutumie data iliyomo ndani ya R yenyewe, UCBAdmissions: waombaji 4,526 wa masomo ya uzamili na uzamivu, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Arei ni 2 × 2 × 6, yaani matokeo, jinsia, na idara sita, A hadi F. Anza na dim() (urefu wa kila upande) na dimnames() (majina yaliyomo), tafadhali. Dakika moja hapo inakuokolea jioni nzima. Kisha andika fanksheni ya kupata kiwango cha waliokubaliwa (Admitted) kwa kila jinsia:

kiwango <- function(m) {
  k <- m["Admitted", ] / colSums(m)
  c(wanaume = k[["Male"]], wanawake = k[["Female"]])
}
matokeo <- apply(UCBAdmissions, 3, kiwango)

Ijaribu kwanza kwa slesi moja: kiwango(UCBAdmissions[, , "A"]). Ikikubali, ndipo uipe zote.

Sasa chapisha matokeo. Idara zimesimama wima, ingawa ulitaka kila idara iwe na mstari wake. Ndivyo apply inavyopanga: jibu la kila slesi huwa safu wima. Geuza kwa t():

jedwali <- as.data.frame(t(matokeo))
jedwali$idara <- rownames(jedwali)

Fanksheni yako ikirudisha data.frame (jedwali la R) yenye mstari mmoja, apply itakupa orodha. Hapo t() haifai. Unganisha kwa do.call(rbind, orodha).

Lisome jedwali taratibu. Idara A ilikubali 62% ya wanaume na 82% ya wanawake. Wanawake wanaongoza pia B, D na F. Sasa kata kwa upande wa pili (jinsia), idara zote zikiwa pamoja:

apply(UCBAdmissions, 2, function(m) sum(m["Admitted", ]) / sum(m))

Wanaume 45%, wanawake 30%! Data ni ileile, kilichobadilika ni kisu tu. Kata tena kwa 2 na 3 pamoja, uone waombaji walikoelekea:

apply(UCBAdmissions, c(2, 3), sum)

Wanaume 1,385 kati ya 2,691 waliomba A na B, idara zilizopokea wengi. Wanawake walioomba huko ni 133 tu kati ya 1,835. Waliobaki walipanga foleni kwenye milango myembamba.