Somo: kabla hujaanza kujifunza kuzamia na mtungi, anza na masikio na pumzi

Habari zenu wakuu. Watu wengi wananiuliza kuhusu kuzamia na mtungi wa hewa, na karibu kila anayeuliza anaanza na vifaa, ninunue maski gani, suti gani, au anaanza na papa. Nawaelewa, ila katika wanafunzi niliowaona wakikwama sijamuona hata mmoja aliyekwamishwa na papa, wanakwama kwa masikio na kwa pumzi, kwa hiyo somo nimelipanga hivyo na vifaa nimeviweka nyuma kabisa.

Hatua ya 1: afya yako, kabla hujalipa chochote

Kozi yoyote ya maana itakupa fomu ya maswali ya afya kabla hujagusa maji. Pumu, kifafa, moyo, mapafu, upasuaji wa sikio, ujauzito. Jibu ukweli. Ukiandika ndiyo mara nyingi haimaanishi umekataliwa, unatakiwa tu daktari akuone kwanza (mjamzito yeye anasubiri mpaka ajifungue). Kuna watu wanajaza hapana kote ili wasisumbuliwe, jamani msifanye hivyo, pumu ikikubana nchi kavu unakaa chini unatafuta dawa yako, mita 15 chini ya maji utakaa wapi?

Kuogelea lazima ujue ila huhitaji kuwa bingwa. Mfano PADI (shirika linalofundisha kuzamia na kutoa vyeti) wanataka uogelee mita 200 bila kupumzika, au 300 ukiwa na maski, mapezi na snorkeli (mrija wa kupumulia uso ukiwa ndani ya maji), halafu uelee dakika 10. Spidi hawapimi. Umri ni kuanzia miaka 10.

Hatua ya 2: elewa jinsi maji yanavyobana

Hii soma mara mbili tafadhali. Ukiwa juu ya maji hewa inakukandamiza kwa presha ya bar 1, na kila mita 10 za bahari zinaongeza bar 1 nyingine, kwa hiyo mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3, mita 30 ni bar 4. Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge vizuri, shuka nayo. Ukifika mita 10 imebonyea, hewa yake imebaki na nafasi nusu. Sasa fanya kinyume, ijaze hewa kulekule mita 10, ifunge, panda nayo: ile hewa inataka nafasi mara mbili na chupa haina pa kuipa. Weka mapafu yako badala ya hiyo chupa.

Ndo maana sheria namba moja ya kuzamia ni USIZUIE PUMZI. Unavuta unatoa, unavuta unatoa, muda wote, hata regyuleta (kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi) ikikuchomoka mdomoni unaachia viputo vidogo vidogo mpaka uirudishe. Na msidharau bwawa la mita 3, kwa sababu mabadiliko makubwa yako huku juu: kutoka juu mpaka mita 10 hewa inapungua nusu nzima, wakati kutoka mita 20 mpaka 30 inapungua kutoka theluthi kwenda robo tu.

Hatua ya 3: masikio

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kachumba kenye hewa, kameunganishwa na koo kwa mrija mwembamba ambao muda mwingi umejifunga. Ukishuka maji yanaisukuma ngoma kwenda ndani, kazi yako ni kupeleka hewa upande wa pili ili mambo yawe sawa. Bana pua, funga mdomo, puliza taratibu kama unataka kupenga, utasikia "tki" masikio yote mawili. Njia hii ina jina la daktari wa Italia wa zamani, Antonio Maria Valsalva. Wengine wanameza mate huku wamebana pua na inawatosha.

Anza ukiwa bado juu, halafu rudia kila baada ya nusu mita au mita moja, KABLA hujasikia maumivu. Ukichelewa presha inaubana ule mrija ukagoma kufunguka, na hapo kupuliza kwa nguvu ndo kunakoumiza. Panda mita moja hivi, jaribu tena.

Mimi siku yangu ya kwanza baharini sikio la kushoto liligoma kwenye mita 3, wenzangu wawili walikuwa wameshatangulia chini wananiangalia, nikaona aibu nikalazimisha. Likachoma kama sindano, halafu maumivu yakapoa ghafla nikajua limefunguka. Jioni nasikia kama nimewekewa pamba, nikilala upande ule kuna kitu kinacheza ndani, daktari kumulika akaniambia kuna damu nyuma ya ngoma. Wiki kadhaa sikuzamia. Kwa hiyo shikeni hii ishara: kiganja kimelala, unakitikisa kushoto kulia, maana yake kuna shida, halafu onyesha sikio lako. Mwalimu na wenzako watasubiri, ndo kazi yao.

Ukiwa na mafua usizamie. Na usinywe dawa ya kufungua pua ili uende, inaweza kuisha nguvu ukiwa chini na hewa ikakwama sikioni wakati wa kupanda.

Hatua ya 4: zoeza pua yako maji

Zoezi linalotisha wengi ni kutoa maji kwenye maski. Maji yakiingia pua inashtuka, unavuta kwa pua bila kutaka, unapaliwa, unataka kukimbilia juu. Anzia nyumbani, weka uso kwenye beseni bila maski, pumua kwa snorkeli kwa mdomo tu dakika chache kila siku mpaka pua itulie. Bwawani sasa bonyeza fremu ya maski pale kwenye paji la uso, inua uso kidogo, toa hewa kwa pua polepole, utaona maji yanashuka usawa wa macho, usawa wa mashavu, yameisha.

Ishara nyingine moja inachanganya sana: dole gumba juu kule chini halimaanishi safi, linamaanisha TUPANDE. Ukiwa sawa unaunganisha gumba na kidole cha shahada, unafanya duara.

Hatua ya 5: kupanda

Mtungi una hewa ya kawaida tu, asilimia 21 oksijeni na iliyobaki karibu yote naitrojeni. Hii naitrojeni ukiwa chini inayeyuka kwenye damu na nyama, ukipanda haraka inatoka kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, viputo ndani ya mwili. Panda mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, simama mita 5 kwa dakika 3, ndo utoke. Ndege pia subiri, angalau saa 12 kama umezamia mara moja, saa 18 kama ni mara kadhaa.

Vifaa: nunua maski tu, vingine tumia vya shule. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, ikiganda bila kushikwa hiyo ni yako.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo, mtungi mmoja unakaa muda gani?
Jibu: Inategemea kina na mtu mwenyewe ndugu yangu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una hewa lita 2400. Bar 50 ni akiba, usiiguse, unabaki na 1800. Ukitumia lita 20 kwa dakika ukiwa juu, mita 10 unatumia 40, hiyo ni dakika 45, mita 20 unatumia 60, dakika 30. Mgeni mwenye wasiwasi anamaliza mapema zaidi na ni kawaida.

Swali: Siwezi kutumia miwani yangu ya kuogelea? Naipenda sana.
Jibu: Hapana dada, ile inaacha pua nje. Nafasi ya mbele ya macho nayo inabanwa kama sikio, kwenye maski unaisawazisha kwa kutoa hewa puani, kwenye ile huna njia, itayavuta macho mpaka mishipa midogo ipasuke.

Swali: Mi naona mbali kwa shida, navaa miwani ya daktari.
Jibu: Kuna maski zinawekewa lenzi za namba yako. Lenzi laini za kuvaa jichoni pia zinafaa, ila mwambie mwalimu kabla, ili zoezi la kutoa maji ufumbe macho. Kumbuka kule chini vitu vinaonekana vikubwa na viko karibu kuliko ukweli, ukinyoosha mkono ukakosa kamba usishangae.

Swali: Kaka naogopa kupaniki nikiwa chini, nifanyeje?
Jibu: Simama hapo hapo, shika kitu au mshike mwenzako, toa pumzi ndefu kwanza, toa yote, ndipo uvute. Mtu mwenye hofu anavuta vifupi vifupi bila kutoa, kifua kinajaa anahisi hewa imekata kumbe mtungi umejaa. Jaribu leo ukiwa umekaa hapo ulipo, hesabu 4 kuvuta, 6 kutoa.