Namna ya Kuzuru Majimoto ya Sempaya katika Hifadhi ya Taifa ya Semuliki

Wageni wengi wanaofika Sempaya, magharibi mwa Uganda, huchemsha mayai, hupiga picha mbele ya mvuke, kisha hugeuza gari kurudi Fort Portal kabla hata ya adhuhuri. Ni haki yao, lakini nasikitika kila nionapo hivyo, kwa kuwa chemchemi ni mbili na msitu unaozizunguka hauna mfano nchini. Tenga siku nzima.

Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni takriban kilomita 300, na kutoka hapo hadi Sempaya ni kama kilomita 50 za lami. Ukifika Karugutu, shika njia ya Bundibugyo, kwa sababu ile nyingine huelekea Ntoroko na kupita katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Toro-Semliki, ambayo wasafiri huichanganya mara kwa mara na hii ya Taifa kwa ajili ya kufanana kwa majina. Baada ya Karugutu barabara huzunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori na kuteremka kwenye Bonde la Ufa. Mwombe dereva asimame mahali salama juu ya mteremko, maana kutoka hapo msitu wote huonekana ukienea hadi upande wa Kongo.

Msitu huo ulitengwa kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1932 na ukatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1993, ukiwa na eneo la kilomita za mraba 220. Kiasili ni ukingo wa mashariki wa msitu mkubwa wa Ituri, ndiyo sababu una ndege na wanyama wa Kongo ambao hawaonekani kwingineko Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vita vya ADF, kundi la waasi waliopigana na serikali ya Uganda, vilizuia wageni kufika, lakini baadaye hifadhi ilifunguliwa tena.

Katika ofisi ya Sempaya utalipa ada na kupewa askari wa hifadhi wa kukuongoza. Usiingie bila yeye. Chemchemi ya kike, Nyasimbi, iko umbali wa dakika chache tu kwa miguu: maji hububujika na kuruka juu yakiwa katika joto la kuchemka, na pembeni yake madini yameganda yakawa ukoko mweupe unaoonekana imara kumbe chini yake pana maji ya moto. Kanyaga pale anapokanyaga askari, na mshike mtoto mkono wakati wote. Ukiwa na mayai, mkabidhi askari ayatumbukize mahali panaporuhusiwa. Baada ya dakika 10 hivi huwa yameiva. Joto hilo hutoka ardhini, kwani maji ya mvua huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hupashwa moto na miamba ya kina kirefu, kisha hupanda tena yakibeba madini.

Chemchemi ya kiume, Bintente, inahitaji mwendo wa takriban nusu saa msituni na juu ya njia ya mbao inayovuka kinamasi. Ni bwawa lenye upana wa mita 12 hivi, lililofunikwa na mvuke, na kwangu ndilo zuri zaidi kwa utulivu wake. Masimulizi ya ukoo wa Bamaga husema kwamba mwanamume aliyeoa kwao alikwenda kuwinda asirudi, mkuki wake ukaonekana hapo. Mkewe alipomtafuta, naye akapotea, nguo zake zikakutwa kwenye chemchemi ya kike. Bamaga hufanya matambiko katika chemchemi zote mbili, kwa hiyo mgeni asitupe kitu majini wala asipige kelele.

Njiani tembea polepole na uwe na darubini. Hondohondo hutangulia kusikika kwa vishindo vya mbawa zao juu ya miti ya muhimbi, na kima wenye mikia myekundu hupita matawini. Hifadhi ina aina zaidi ya 400 za ndege, na wanaowafuata ndege kwa dhati hushika njia ya Kirumia inayoelekea Mto Semliki, safari ya siku nzima au ya kulala porini.

Miezi ya Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, ndiyo yenye nafuu, kwa sababu msitu uko tambarare na maji hutuama wakati wa masika. Hata hivyo vaa viatu vya mpira vinavyofika magotini, nguo za mikono mirefu, na ubebe maji ya kunywa. Ukitaka kuwatembelea Watwa, walioishi kwa kuwinda msituni na sasa wana makazi yao Ntandi, waombe askari wapange ziara mapema, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.