Somo: kunakili maandishi ya kale Kizimkazi

Assalaam alaykum. Wengi mmeniuliza habari za Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, hapa Unguja, hasa nyinyi mnaokuja kutoka ng'ambo na kamera. Yale maandishi ya kufi, hati ya kale ya Kiarabu, kushoto kwa mihirabu yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 miladia.

1. Rukhsa kwanza. Pata barua ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, kisha mwone sheha, kisha imamu. Humo watu wanasali mpaka leo, kwa hiyo nenda na udhu wako.

2. Usipake kitu. Si chaki, si maji, si karatasi mbichi. Jiwe lenyewe ni matumbawe, yalichongwa yangali laini, yametoka baharini. Yakishakauka yanakuwa magumu, lakini vitundu vyake hunywa kila unachopaka.

3. Mwanga. Hapa ndipo penye kazi. Mchana utaona ukuta mweupe tu. Subiri baada ya Isha, omba taa zizimwe, weka tochi ubavuni karibu na ukuta, kamera isimame wima mbele ya jiwe. Kivuli kikilala upande mmoja, herufi zinaumuka kama maandazi. Hamisha tochi, piga tena. Mimi kila mstari naupiga mara nane.

4. Rula iwemo kwenye kila picha. Safari yangu ya kwanza niliisahau, nikarudi na picha nzuri zisizo na kipimo. Nauli ikaenda bure.

5. Chora kwa mkono papo hapo. Jicho linaona kilichovunjika na kilichochongwa, kamera haitofautishi.

MASWALI

– Ami, mimi nimehitimu Kurani. Kufi nitaisoma?

Si siku ya kwanza, mwanangu. Haina nukta. Jino moja, kile kimstari kifupi kilichosimama, laweza kuwa be, te, the, nuni au ye. Anza na maneno unayoyajua, bismillahi na aya, ndipo uende kwenye majina.

– Nimetoa 622, mwaka wa Hijra, kutoka mwaka wa miladia, 1107, nikapata 485, si 500. Jiwe lina kosa?

Jiwe halina kosa, hesabu ndiyo ina kosa. Mwaka wa Hijria hufuata mwandamo wa mwezi, ni mfupi kuliko wa miladia kwa siku kama 11. Chukua Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622: 500 inatoa 1107. Jaribu na 1184, tarehe ya ukarabati iliyoandikwa humo humo.

– 1770?

Ndiyo hiyo.