Puli ya Perth, mlima wa Newala

Simu iliingia saa tisa usiku kwa saa za huku Perth. Mtwara ilikuwa saa nne, watu bado wako barazani.

"Shikamoo kaka. Gari linalia."

"Marahaba. Linalia vipi?"

"Kama kokoto kwenye kopo la maziwa. Tambarare limenyamaza kabisa. Likishika mlima na mzigo ndipo linaanza. Fundi anasema tapeti."

Haikuwa tapeti. Ilikuwa mimi.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya TRD (tawi la mbio la Toyota), zile zilizouzwa Australia mwaka 2008 na 2009 tu: injini ya V6 ya lita 4.0, juu yake supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa ya ziada) ya Eaton, kilowati 225. Usukani upo kulia kama kwetu. Niliipata mtumba, nikaiendesha huku miaka miwili na ushee, na kama kawaida ya mtu mwenye kitu kizuri, nikaona bado hakijatosha. Nikafunga puli ndogo, yaani gurudumu la mkanda linaloizungusha supachaja. Gereji moja ya huku ikaniseti kompyuta ya injini kwa petroli ya okteni 98, gari likawa linavuta mpaka unacheka peke yako. Kisha nikalipakia melini Fremantle, nikamkabidhi mdogo wangu abebee korosho za familia kwenda ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) Tandahimba, na msimu ukiisha atafute mizigo mingine. Usiku ule alikuwa ametoka Masasi na magunia ya mahindi, anapanda kuelekea Newala.

Kwa hiyo ninayoandika hapa ni kwa ajili yako uliye Houston, Dubai, Leeds au hukuhuku, una pikapu yenye supachaja na una mpango wa kuipeleka kusini mwa Tanzania. Puli uichague kwa petroli na milima ya kule gari linakokwenda kuishi. Sheli ya jirani yako wa ughaibuni isikudanganye.

Tuanze na jinsi supachaja inavyofanya kazi. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti, uleule au ndugu wa ule unaozungusha jenereta na pampu ya maji. Kwa sababu hiyo haina subira: ukigusa tu mafuta, hewa imeshasukumwa. Na kwa sababu hiyohiyo, kasi yake inategemea puli mbili, ya chini kwenye krenki na ya juu kwenye supachaja. Gawanya kipenyo cha chini kwa cha juu, zidisha kwa mizunguko ya injini.

Tuseme ya chini ni milimita 180 na ya juu ni 75. Uwiano ni 2.4. Injini ikiwa 5,400, supachaja inazunguka mara 12,960 kwa dakika. Badilisha ya juu uweke ya milimita 68: uwiano unapanda mpaka 2.65 hivi, na supachaja inakaribia 14,300. Zile Eaton za zamani, M90 na M112, kikomo chake ni 14,000. Milimita saba tu, na umeshavuka. Tafuta kikomo cha supachaja yako kwa aliyeitengeneza kabla hujamlipa mtu wa puli.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi huikosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kasi imeongezeka asilimia 10, basi nikadhani busti, yaani msukumo wa hewa ya ziada, nayo itaongezeka asilimia 10. Sivyo. Geji ya busti inaanza kuhesabu juu ya kanieneo ya hewa ya kawaida, ambayo usawa wa bahari ni bar 1 na punje. Kama geji ilikuwa inasoma 0.5, ndani ya manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda) kuna 1.5. Ongeza asilimia 10 ya hiyo 1.5, unapata 1.65. Geji sasa inasoma 0.65. Hilo ni ongezeko la karibu theluthi ya busti yote uliyokuwa nayo, na joto linapanda pamoja nalo, maana hewa ikibanwa inachemka.

Joto ndilo lililokuwa linapiga kokoto. Petroli iliyobanwa ndani ya silinda inatakiwa ingoje cheche ya plagi. Ikipata moto kupita kiasi haingoji, inajilipukia yenyewe wakati pistoni bado ina kazi nyingine. Huko ndiko kugonga, na injini inayogonga kwa busti hainoki kesho, inanoki leo. Kompyuta ina sensa ya kusikiliza kugonga huko na hurudisha cheche nyuma, yaani huichelewesha, ili kuokoa, lakini nayo ina mwisho wake, hasa kama aliyeiseti amebana kila kitu kwa ajili ya mafuta bora.

Na hapa kwenye mafuta nikawie kidogo.

Namba za pampu, yaani okteni, kiasi petroli inavyovumilia kubanwa bila kujilipukia, hazifanani dunia nzima. Afrika Mashariki, Uingereza na Australia tunatumia kipimo cha RON. Marekani wanaandika wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi kiitwacho MON, kwa hiyo namba yao inatoka ndogo. 93 ya Texas ni karibu sawa na 98 ya Perth. 91 yao ni kama 95 au 96 yetu. Nimeshabishana na jamaa wa Marekani aliyeamini kwamba gari lake limezoea 93, basi likifika nyumbani likapewa 95 litafurahi. Litalia kama la kwangu. Na wale wanaoseti kwa E85, petroli iliyojaa ethanoli, kwa sababu ya bei na ubaridi wake, hiyo nyumbani usiitafute kabisa.

Zaidi ya namba, kuna njia ambayo petroli imepita mpaka kufika kwenye tangi lako. Mtwara mjini na Masasi jaza sheli. Ukiingia ndani, petroli ya chupa iliyopangwa mezani kando ya barabara ni ya bodaboda. Haijulikani imeanikwa juani siku ngapi wala imechanganywa na nini. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli yanaishusha okteni vibaya. Bodaboda itakohoa, itaendelea. Supachaja haikohoi. Mdogo wangu usiku ule alikuwa ameongezea lita kumi za chupa kwa sababu sheli aliyopita ilikuwa na foleni. Hakuniambia hilo mpaka siku ya tatu.

Kuhusu hali ya hewa, usibebe lawama isiyo yako. Watu husema unyevunyevu wa pwani ndio unaoua injini. Mvuke wa maji hewani kwa kweli unapunguza kidogo tabia ya kugonga. Adui ni joto, na zaidi ni joto bila upepo: gari limejaa, gia ya pili, kilomita 25 kwa saa, mlima hauishi. Rejeta haipati hewa, na intakula (kipoza hewa ya busti), kama supachaja yako inayo, nayo inageuka jiko. Huku tunajaribu magari usiku kwenye lami iliyonyooka, sekunde kumi, tunasema iko sawa. Jaribu lako liwe la dakika kumi na tano na mzigo. Jambo dogo la kukutoa wasiwasi: ukifika juu Newala geji itasoma busti pungufu kuliko Mtwara mjini. Hakuna kilichoharibika, hewa ya uwandani ni nyepesi.

Asubuhi yake nilimwomba fundi afungue plagi zote sita azipange kwa mpangilio wa silinda na anitumie picha. Tano zilikuwa za rangi ya kahawa ya maziwa. Ya sita, kwenye kauri yake nyeupe, kulikuwa na vidoti vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha. Hiyo ni aluminiamu. Ni pistoni ikianza kutoka nje punje kwa punje. Fundi akaniandikia: "Bosi, hapa tumewahi." Tangu siku hiyo simwiti tena fundi wa tapeti.

Tulichofanya ndicho ninachokushauri ufanye kabla hujasafirisha. Kwanza, rudisha puli ya kiwandani, au kama umekwisha kunogewa, shuka ukubwa mmoja tu. Pili, kompyuta isetiwe kwa 95 na iachiwe nafasi: cheche irudi nyuma digrii kadhaa, na mchanganyiko uwe na petroli ya kutosha. Petroli inaungua vizuri kwa hewa 14.7 kwa petroli 1 gari likitembea kawaida, lakini ndani ya busti utake iwe kati ya 11.5 na 12. Funga geji ya kupima hilo pale dereva anapoiona, na umwambie kwa maneno machache: ukikanyaga ukaona 13, toa mguu. Tatu, waulize waliokuseti nozeli zako za kunyunyiza petroli zinafanya kazi kwa asilimia ngapi zikiwa kileleni. Zikipita 85, zimekwisha. Puli yoyote ndogo zaidi ni kuongeza hewa bila chakula. Plagi ziwe baridi, yaani za kutoa joto haraka, kwa daraja moja kuliko za kiwandani, na mwanya wake upunguzwe kidogo, maana busti huzima cheche ndefu.

Faili la kompyuta lisiwe kwa aliyekuseti peke yake. Vifaa vingi vya kuseti vikishafunguliwa kwa gari moja vimefungwa na namba ya chesisi ya gari hilo, kwa hiyo kifaa kisafiri na gari. Fundi wa Mtwara akichomeka laputopu, akarekodi safari ya dakika kumi na kukutumia, mtu wa Perth au Houston anaweza kusoma na kurudisha faili jipya bila kuona gari. Sisi tulifanya hivyo mara tatu. Intaneti ya Chikongola ilitusumbua kuliko injini.

Kubadilisha puli si kazi ya nyundo. Puli nyingi zimeshindiliwa kwenye shafti, zinatoka kwa pula, kifaa cha kuzivuta. Nilikuwa kwenye simu ya video nikamwona kijana mmoja pale gereji ameshashika nyundo na kipande cha mti. Nikapiga kelele mpaka mke wangu akaamka. Ukigonga, unagonga bearingi za mbele na yale meno mawili yanayosokotana ndani kwa mwanya mwembamba kuliko ukucha. Pula tuliazima kwa fundi wa pampu za dizeli, tukaongeza utepe wa bati ili isikwaruze, ikatoka kwa mlio mmoja mfupi kama kizibo. Wakati umefungua, angalia oili ya supachaja yenyewe. Ina oili yake mbali na ya injini, na wengi hawajui hata ipo.

Mkanda nao. Puli ikiwa ndogo, mkanda unaikumbatia sehemu ndogo, unateleza. Dalili yake ni busti kupanda vizuri halafu kushuka mizunguko ikizidi, na upande wa ndani wa mkanda kung'aa kama umepakwa mafuta. Ukirudisha puli kubwa, urefu wa mkanda pia unabadilika. Soma nyuma yake: 7PK maana yake ni mikondo saba, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Maduka ya Mtwara yana mikanda ya Hilux za dizeli, hiyo ya kwako yenye mzunguko wa ziada hawana, na hata Gerezani Dar utaambiwa urudi kesho. Kisha basi lilete, kilomita zaidi ya 550.

Kuhusu vumbi nitasema moja. Supachaja haina huruma na mchanga, kila punje iliyopita ea klina inasuguliwa kati ya meno. Safari za Msimbati na njia za mashambani zinatosha kuchafua, lakini mikorosho inapopuliziwa salfa, fungua ea klina kila wiki. Mdogo wangu aliikung'uta kwenye kuta za banda ikaacha alama ya njano ambayo mvua ya masika ndiyo iliyoiosha.

Kwa wenye dizeli, ambao kule ndio wengi, hamna puli ya kubadilisha. Busti yenu ni ya tabo na kompyuta. Pimeni joto la moshi kabla ya tabo, na msikubali likae juu ya nyuzi 700 mlimani.

Na ushuru, kwa ufupi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe anayerudi nyumbani moja kwa moja gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi, siku za melini hazihesabiwi, na pikapu isiwe ya kubeba zaidi ya tani mbili. Mimi sirudi bado, kwa hiyo nililipa. Kadi ya gari na bima ya ughaibuni viweke pamoja, ndivyo vinavyothibitisha hiyo miezi. Bima yenyewe ijue umebadilisha puli, la sivyo ukipata ajali ukiwa bado huko hawatakulipa.

Ndani ya kabati la gari, kabla ya kufunga mlango wa kontena, mimi sasa ningeweka: puli ya kiwandani, pula, mikanda miwili mipya iliyofungwa kwenye mfuko mweusi isipigwe na jua, plagi sita, chupa ya oili ya supachaja, kifaa cha kompyuta na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene urefu wa mkanda kwa kila puli. Ile puli ndogo mdogo wangu hakutaka kunirudishia. Ipo dirishani kwa mama, inazuia pazia lisipeperushwe na upepo wa kusi.