SOMO: Betri ya gari linalolala wiki nzima bila kuguswa

Wakuu, somo hili ni la mwenye gari linalotoka mara moja kwa wiki au pungufu. Unaenda kazini kwa mwendokasi na gari ni la Jumapili; au kazi iko mkoani na gari limebaki Dar; au uko nje ya nchi na IST umemwachia shemeji funguo. Malalamiko huwa yale yale: "betri za siku hizi feki, hazimalizi mwaka." Feki zipo, hatukatai. Lakini nyingi zinazokufa kwenye magari ya aina hii zimeuawa na kulala.

Stata inasingiziwa. Kwenye injini ndogo huvuta ampea 150 hadi 200 kwa sekunde mbili tatu, na ukipiga hesabu ni kama 0.1 ya ampea-saa (Ah) tu. Wanaomaliza betri ni wadogo wasiolala: alamu, saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, rimoti ya milango, na siku hizi traka (kifaa cha kufuatilia gari liko wapi). Gari zima likiwa limezimwa na kufungwa hula miliampea 20 hadi 50. Chukua betri ya NS40, ambayo ina Ah 35 hivi. Gari likila miliampea 30 bila kukoma, kwa siku ni Ah 0.72, na baada ya siku 24 nusu imekwenda. Funga traka inayokula 30 nyingine, nusu inakwenda kwa siku 12. Na kama betri ina miaka mitatu, uwezo wake halisi umeshuka hadi Ah 25, hesabu siku tisa.

Ongeza joto. Betri ya asidi hujimaliza yenyewe hata ikiwa stoo: kwenye nyuzijoto 25 hupoteza asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, na kila zinapoongezeka nyuzi 10 kasi hiyo hukaribia kuwa mara mbili. Halafu ikikaa nusu nusu kwa wiki kadhaa, salfeti inayojengeka juu ya plati za risasi hubadilika. Ikiwa changa, chaji inaiyeyusha. Ikishakomaa kuwa fuwele ngumu, chaji haiingii tena, na uwezo uliopotea haurudi. Kwa hiyo kubusti (kuwasha kwa kuazima umeme wa betri nyingine) mara tatu kwa mwezi na kuendelea na maisha ni kuishonea betri sanda.

Vifaa: multimita (hata ya bei ndogo), spana namba 10, brashi ya waya, na chaja ya kujidhibiti ya ampea 4 hadi 6.

HATUA YA 1: PIMA

Usipime gari likiwa limetoka safari. Betri iliyochajiwa muda si mrefu huonyesha volti za juu juu ambazo si zake. Acha ilale usiku mzima, pima asubuhi kabla ya kufungua mlango. Huna muda? Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika kumi, ndipo upime.

Betri ya kawaida ya maji iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hesabu kuwa imekwisha. Mstari wa kushika ni 12.4. Ikigusa hapo, chaji, hata kama gari bado linawaka vizuri. Watu husubiri stata ianze kulia kichovu, na wakati huo salfeti imeshaota mizizi.

Kipimo cha pili: mtu awashe gari wewe ukiangalia mita. Stata ikizunguka, volti zisishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia lakini inaanguka hadi 8 kwenye stata imechoka. Kuichaji ni kupoteza umeme. Injini ikishawaka, kwenye vichwa vya betri utegemee 13.8 hadi 14.5. Pungufu ya hapo kagua mkanda na altaneta (inayochaji betri injini ikizunguka) kabla ya kulaumu betri.

HATUA YA 2: JUA GARI LINAKULA KIASI GANI

Hatua hii wengi huiruka, kisha wananunua betri tatu mfululizo. Fungua boneti. Fungua mlango wa dereva, kisha ifunge loki yake kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Funguo, hasa za kubonyeza, zipeleke ndani ya nyumba. Hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A. Vua waya wa hasi wa betri, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya uliouvua. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita, kwa hiyo usiwashe gari wala kuwasha taa kubwa: utaunguza fyuzi ya mita.

Mwanzoni itasoma ampea nzima au zaidi. Usishtuke, kompyuta bado ziko macho. Subiri dakika 30 hadi 45. Ikitulia chini ya 0.05 (miliampea 50), gari ni zima. Ikibaki 0.2 au 0.4, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Fyuzi zote zikitoka bila namba kushuka, angalia vitu vilivyofungwa na mafundi wa mtaani moja kwa moja kwenye betri: traka, alamu ya nyongeza, ampilifaya ya muziki. Vina fyuzi zao ndogo zilizofichwa kwenye waya. Taa ya buti nayo huwaka usiku kucha bila mtu kujua.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukisahau na ukapima volti ukiwa kwenye tundu la ampea, hiyo ni shoti kamili.

HATUA YA 3: CHAGUA DAWA KWA UREFU WA USINGIZI

Gari likilala siku chache hadi wiki: liendeshe kweli, dakika 30 hadi 40 barabara inayokwenda. Foleni ya jioni na AC, taa na feni haihesabiki sana, kwa sababu altaneta kwenye mzunguko mdogo inalisha vyote hivyo na betri inapata makombo.

Kuliwasha nyumbani na kuliacha sailensa (linaunguruma bila kutembea) dakika kumi ni mazoea mabaya kuliko kutoliwasha. Ndani ya dakika hizo unarudisha ulichochukua kwenye stata na kidogo cha juu, labda matumizi ya siku moja au mbili. Injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye eksozi, petroli inachanganyika na oili. Betri inabaki palepale.

Wiki mbili hadi miezi kadhaa, na una umeme karibu: chaja ya kujidhibiti, hatua ya 4.

Zaidi ya wiki mbili, huna umeme, gari halina traka unayoitegemea: vua waya wa hasi. Hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, na hasi bado ipo, utaona cheche za kulehemu. Ichaji hadi ijae kabla ya kuivua. Hata hivyo itajimaliza polepole, kwa hiyo ipimwe kila baada ya wiki sita na irudishwe chaji. Kumwambia shemeji "liwashe liwashe" hakutoshi. Mwachie mita na namba 12.4.

HATUA YA 4: KUCHAJI

Kanuni ni asilimia 10 ya Ah. Betri ya Ah 45 (NS60) ichajiwe kwa ampea 4 au 5. N70 huvumilia 7. Chaja ya kisasa hupanda hadi volti 14.4 hivi, ikijaza hushuka 13.2 hadi 13.6 na kukaa hapo ikishikilia. Chaja ya namna hiyo unaweza kuiacha wiki nzima, betri ikiwa ndani ya gari. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, ndipo uchomeke ukutani. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Sigara na vyumba vilivyofungwa viwe mbali.

Muda: betri ya Ah 45 iliyobaki nusu, kwa ampea 4, itachukua saa sita kwa sehemu kubwa, kisha saa kadhaa za kumalizia kwa mwendo wa kinyonga. Usiivue ikifika "karibu", maana hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayoondoa salfeti. Kwa gharama, kuijaza kutoka sifuri hakufikishi uniti moja ya LUKU.

Jaribu jambo hili siku ya kwanza: chomoa chaja ukutani, subiri, chomeka tena. Nyingine, umeme ukirudi, husubiri ubonyeze kitufe. Ukiwa Mwanza na chaja iko Tabata, umeme ukikatika mara moja tu, kazi imeishia hapo.

Ukiipeleka kwa wachaji betri wa mtaani, ivue kwenye gari. Chaja zao za transfoma hazijui kusimama na zinaweza kuvuka volti 15, kiasi cha kuunguza kompyuta. Omba chaji ya polepole ya usiku mzima. Ile ya "saa moja tu mkuu" huchemsha maji na kupinda plati.

HATUA YA 5: MAJI NA VICHWA

Kwa betri yenye vifuniko: kabla ya kuchaji, maji yafunike plati tu. Baada ya kuchaji ndipo ujaze hadi alama, kwa sababu yakichajiwa hupanda. Ongeza maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa betri, si asidi. Soma maandishi, usiamini rangi ya kifuniko. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa usafishe kwa maji ya moto yenye kijiko cha bekingi soda, kausha, kaza, paka grisi kwa juu. Pwani kagua kila mwezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikivua hasi kwenye gari ya Japani, redio si itajifunga? Ya rafiki yangu inaonyesha maandishi ya Kijapani na kuomba kodi (namba ya siri).

Jibu: Ndiyo, redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, hasa kama kadi ya SD ya ramani ilishatolewa. Tumia chaja badala ya kuvua. Ukilazimika, tunza umeme kwa betri ndogo ya volti 12 iliyoungwa sambamba wakati wa kubadilisha. Vioo vya otomatiki huenda vikasahau. Shusha kioo chote, pandisha, shikilia kitufe sekunde chache. Sailensa nayo inaweza kuyumba kwa muda kisha ikatulia.

Swali: Jioni 12.6, asubuhi 12.1. Betri au gari?

Jibu: Chaji ijae, vua hasi, ilaze usiku, pima. Ikisoma 12.6 mwizi yuko ndani ya gari, rudi hatua ya 2. Ikishuka ikiwa haijaungwa popote, betri ndiyo mbovu. Ikisoma 10.5 hivi, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Kila kimoja kina volti 2.1.

Swali: Nina Aqua, ile ya haibridi (petroli na umeme). Haina stata, ile betri ndogo nayo inahitaji haya?

Jibu: Inahitaji zaidi, kaka, maana ni ndogo na ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Haichajiwi na altaneta. Inachajiwa na betri kubwa gari likiwa READY. Mara moja kwa wiki liweke READY, gia P, kwa saa moja, si kwenye gereji iliyofungwa kwa sababu injini itajiwasha. Kuwasha "ON" tu bila READY kunaimaliza. Na usitumie Aqua kumbusti mwenye Noah.

Swali: Naomba kujua kuhusu paneli ya sola ya kuweka dashibodi. Gari lipo Tanga, hakuna soketi karibu.

Jibu: Dada, zile ndogo za wati 2 nyuma ya kioo cha tinti ni mapambo. Chukua wati 10, iweke nje juani, pitisha kwenye kidhibiti chaji na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Siku yenye jua itakupa Ah 2 hivi, inayozidi matumizi ya gari zima lenye traka. Ni ya kushikilia tu. Betri iliyokwisha ichajiwe kwanza kwa chaja.

Swali: Chaja ya kujidhibiti inakataa, inaandika hitilafu. Betri ina volti 7.

Jibu: Haioni betri. Iunge sambamba na betri nzima kwa waya za kubusti, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, washa chaja dakika 15 hadi 20, kisha ondoa ile nzima. Ikiwa ilikaa hivyo miezi, itapokea chaji haraka, itajifanya imejaa, na itaanguka kwenye stata. Hiyo ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Swali: Ni kweli betri ikiwekwa kwenye sakafu ya simenti inaisha?

Jibu: Ilikuwa kweli kwa betri za zamani zenye maboksi ya mpira yaliyopitisha unyevu. Maboksi ya plastiki ya leo hayavujishi umeme. Iweke popote penye ubaridi, watoto wasipofika, na uandike tarehe ya chaji ya mwisho kwa kalamu ya maka juu yake.