Kabla ya ekzosi: pima gari lako kwa mpangilio wa wanaounda magari ya spoti

Gari likishafika hapa Lubumbashi, Kongo, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, liwe Altezza, Mark X au Impreza, halimalizi muda mrefu kabla mwenyewe hajalileta garajini na maombi yale yale: ekzosi yenye sauti, rimu za inchi 19, na lile la mwisho linalosemwa kwa tabasamu, "Yaya, unikatiyeko tu maresori (springi), motokari ishuke." Kazi siikatai, watoto wanasoma. Ila huo ni mpangilio uliopinduliwa kichwa chini miguu juu ukiulinganisha na wa wahandisi wa magari ya spoti, na ndiyo maana mengi ya magari hayo hutoka na kelele zaidi huku yakikata kona vibaya kuliko yalivyokuja.

Wao huanza na tarakimu kwenye karatasi, na tarakimu ya kwanza ni uzito. Lotus walipoingiza Elise sokoni mwaka 1996, injini yake ilikuwa ya lita 1.8 tu, nguvu farasi zisizofika 120. Lakini gari zima lilikuwa na kilo kama 725, kwa kuwa fremu yake ya alumini iliunganishwa kwa gundi maalumu badala ya kulehemiwa, na fremu hiyo peke yake haikufika kilo 70. Baada ya uzito huja hesabu za kompyuta. Kisha gari hupandishwa kwenye mitambo inayosukuma kila gurudumu juu, chini na pembeni huku ikipima linavyosogea kwa vipande vya milimita. Dereva wa majaribio huingia baadaye kabisa.

Mitambo hiyo hatuna. Mengi inayoyapima tunaweza kuyapima hapa kwa mizani ya malori, mifuko miwili ya sementi, kamba, rula na kikokotoo cha simu. Tenga Jumamosi moja.

Hatua ya kwanza: uzito, ekseli kwa ekseli

Mji huu unaishi kwa malori ya shaba, kwa hiyo baskili, yaani mizani za kuyapimia, si haba. Omba kwa adabu, nenda saa ambayo foleni imepungua. Kabla ya kwenda, jaza tangi, toa takataka zote kwenye buti, weka upepo sawa kwenye tairi, na wewe dereva ubaki ndani kwenye kiti chako. Petroli ina takriban kilo 0.75 kwa lita, hivyo tangi la lita 50 ni kilo 37 zinazokuja na kwenda. Usipoandika kiasi kilichokuwemo, vipimo vya mwezi ujao havitalingana na vya leo.

Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika. Pandisha gari zima, andika. Halafu sogea mbele ili ya nyuma yabaki peke yake, andika. Mbele ukijumlisha na nyuma upate karibu na uzito wa gari zima. Mizani hizi zimetengenezwa kwa ajili ya tani, nyingi huruka kwa kilo 10 au 20, basi rudia mara kadhaa na uchukue wastani. Angalia pia ardhi inayoingia kwenye mizani: ikiwa na mteremko, gari linainama na ekseli moja inasingiziwa kilo zisizo zake.

Tuseme umepata mbele 720, nyuma 620. Jumla ni 1,340, na mbele kuna asilimia 54 hivi. Urefu kati ya ekseli mbili za Altezza ni milimita 2,670. Zidisha 2,670 kwa 620, gawanya kwa 1,340, unapata 1,235: kitovu cha uzito kiko milimita 1,235 nyuma ya ekseli ya mbele. Mchoro wa mhandisi huanzia kwenye nukta hiyo.

Watu hunibishia kwamba bila 50 kwa 50 gari si la spoti. Mazda waliifuata kwenye MX-5 ya mwaka 1989, na kweli ni gari tamu. Lakini Porsche 911 imebeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma tangu miaka ya 1960, sehemu kubwa ya uzito iko huko, na hakuna anayeiita teksi. Mgawanyo wako ukiujua, unajua tairi zipi zinateseka. Kama ni 54 kwa 46, usihangaike kuubadilisha. Unachoweza kufanya bila gharama ni kuondoa spika kubwa ya buti yenye sanduku la mbao. Najua hutaiondoa.

Hatua ya pili: uzito unaohama

Ukifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Hesabu yake ni fupi: uzito wa gari, mara nguvu ya kupunguza mwendo ukiilinganisha na uvutano wa dunia, mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa urefu kati ya ekseli. Breki kali kwenye lami kavu hufikia 0.8. Kimo cha kitovu kwa gari la aina hii ni karibu nusu mita. Basi 1,340 × 0.8 × 0.5 ÷ 2.67 ni kilo 200. Mbele inabeba 920, nyuma imebaki na 420.

Sasa shusha gari sentimita 3 kama alivyoomba yule kijana. Kimo kinakuwa 0.47, hesabu inatoa kilo 189. Umeokoa kilo 11 au 12 hivi. Na kwa faida hiyo umetoa sentimita 3 za nafasi ya gurudumu kupanda, kwenye barabara zetu hizi zenye mashimo.

Hatua ya tatu: bodi kwanza, springi baadaye

Mwaka 1989 Honda walimwomba dereva wa mbio Ayrton Senna aendeshe NSX, gari lao la spoti lililokuwa bado la majaribio, kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka. Maoni yake yalikuwa kwamba gari linahisi kama bodi yake ni dhaifu. Wahandisi walilipeleka Nürburgring nchini Ujerumani, kwenye ile duara ndefu ya karibu kilomita 21, wakaendelea kuikaza bodi ya alumini hadi ikaridhisha. Hawakukimbilia springi ngumu, kwa sababu bodi inayojipinda ni springi nyingine isiyo na amotisere (shokomzoba): unarekebisha huku, inakukoroga kule.

Kwa gari lililonunuliwa mitumba swali hili ni zito kuliko kwa NSX, maana hujui liligongwa wapi, wala kama kuna mahali lilikatwa na kuungwa. Weka jeki kwenye sehemu yake halali karibu na gurudumu la mbele, inua kona hiyo moja hadi gurudumu liache ardhi. Fungua na ufunge milango ya upande huo. Mlango uliokuwa unafunga kwa kidole na sasa unakwaruza, au mwanya wake umebadilika kwa macho, hiyo ni bodi inayojipinda. Chungulia chini ya zulia na kwenye vizingiti vya milango utafute kutu na mashono ya kulehemu yasiyo ya kiwandani. Ukiyaona, hela ya springi ipeleke kwa mlehemu mzuri.

Hatua ya nne: springi na mifuko ya sementi

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Wahandisi hawasemi "springi ngumu" au "laini". Wanasema gari litapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde likiachwa lijibembeze. Gari la familia huwa kati ya 1 na 1.5, la spoti la barabarani karibu 1.5 hadi 2, na yale ya mbio yenye mabawa yanayokandamizwa na hewa hupita hapo kwa mbali.

Simamisha gari mahali tambarare. Lisukume mbele na nyuma mita moja, libonyeze kila kona mara mbili tatu, liache litulie. Usiruke hili. Tairi zikiwa zimekwama kwa pembeni na mpira wa bushi umeshikilia, kipimo chako cha kwanza ni uongo. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili. Sasa weka mifuko miwili ya sementi ya kilo 50 juu ya ekseli ya nyuma, mwanzoni mwa buti karibu na mgongo wa kiti. Ukiisukuma mwisho wa buti inafanya kazi kama wenzo na ekseli inaona zaidi ya kilo 100. Sukuma gari tena, bonyeza tena, pima tena.

Tuseme limeshuka milimita 22. Ekseli ya nyuma ina kilo 620, lakini magurudumu, diski na mikono ya chini havikai juu ya springi, toa kilo 80 hivi, zinabaki 540. Kama kilo 100 zinashusha 22, kilo 540 zingeshusha 119, yaani mita 0.119. Tafuta kipeuo cha pili cha 0.119, ni 0.345. Gawanya 0.5 kwa hiyo: 1.45. Hilo ndilo jibu la nyuma, mara 1.45 kwa sekunde. Kwa mbele, laza ubao mzito juu ya vichwa viwili vya amotisere, weka mifuko juu yake, fuata hesabu ile ile.

Nyuma inatakiwa iwe na tarakimu kubwa kidogo kuliko mbele. Mhandisi Maurice Olley ndiye aliyelieleza vizuri miaka ya 1930 akiwa General Motors: tuta hulikuta gurudumu la mbele kwanza, la nyuma hufuata kwa kuchelewa. Nyuma ikijibembeza haraka kidogo inaiwahi mbele, na gari linatulia likiwa limelala sawa badala ya kupiga kichwa. Kwa barabara ya kwenda Likasi mimi sizidishi 1.7 nyuma. Juu ya hapo tairi linaruka tu.

Ukikata springi, inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu imebaki na mizunguko michache. Toa mzunguko mmoja kwenye sita, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Amotisere yako bado ni ya ugumu wa zamani. Katikati ya kona gari linafika kwenye mpira wa kuzuia, ugumu unaruka ghafla, tairi linaachia. Kama ni lazima lishuke, nunua springi fupi pamoja na amotisere zake. Na zile rimu za 19 zikiwa nzito kuliko za zamani, umeongeza uzito usiobebwa na springi, ambao ndio mgumu kuliko wote kuudhibiti.

Hatua ya tano: tairi na kamba

Funga kamba mbili, moja kila upande wa gari, kwenye urefu wa katikati ya rimu, zikiwa sambamba na gari. Pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu na hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo inayoonyesha tairi linatazama ndani au nje. Kwa kuanzia, mbele yatazame moja kwa moja, nyuma yatazame ndani kwa milimita moja au mbili kila upande. Magari yetu mengi yana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia: dereva anakalia upande ule ule ambao lami imeinamia. Fanya vipimo vyote ukiwa umekaa ndani.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi. Joto likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka takriban bar 0.1, na mwezi wa Julai tofauti ya alfajiri na saa nane mchana hapa inatosha kukupoteza. Baada ya mizunguko kadhaa kwenye uwanja uliofungwa na ulioruhusiwa (si barabarani), pima joto la mpira kwa kipimajoto cha mionzi: ndani, katikati, nje. Katikati kukiwa na moto zaidi, punguza upepo. Kingo zote mbili zikiwa na moto zaidi, ongeza. Ndani tu, gurudumu limelalia ndani mno. Badilisha kitu kimoja, rudia.

Hatua ya sita: breki

Kulisimamisha gari hili kutoka kilomita 100 kwa saa kunamwaga kilojuli 517 kwenye diski. Kutoka 140 ni 1,013, karibu mara mbili. Moto huo ukifika kwenye mafuta ya breki yaliyonyonya maji, yanachemka, na pedali inazama sakafuni. DOT 4 mpya (daraja mojawapo la mafuta hayo) haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155, na msimu wetu wa mvua hauna huruma. Badilisha mafuta kabla ya kuota diski kubwa. Fungua chupa mpya siku ile ile, iliyobaki usiitunze.

Hatua ya saba: sasa ekzosi

Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Zile farasi 210 za Altezza kwenye karatasi za Japani, hapa ni kama 185, na ekzosi hairudishi tofauti hiyo. Turbo huirudisha, lakini kwa kuzunguka kasi zaidi ili ifikie mgandamizo ule ule, na hewa inayotoka ina moto zaidi. Kwa hiyo mteja wa turbo namwambia aanze na intakula (kipoza hewa ya turbo) safi na redieta isiyoziba, kisha mita ya joto la mafuta ya injini. Ekzosi nitaifunga baada ya hapo, hata yenye sauti.